Leza ya Kuchimba

Barua ya kliniki ilimfikia Sekela kabla hajaomba matibabu yoyote.

Ilikuwa wiki ya tatu tangu afunguliwe bandeji. Barua ilisema kwamba kiwanda cha betri alichokifanyia kazi kwa miaka sita kimeamua, kwa moyo wa utu, kugharimia matibabu ya shavu lake, lililoungua kwenye mlipuko wa kiwandani, katika Kliniki ya Ngozi ya Uwanda, na kwamba nafasi yake imeshapangwa siku ya Alhamisi. Chini ya maandishi kulikuwa na picha ya uso wake. Sekela hakukumbuka kupigwa picha hiyo. Lilikuwa shavu lake la kushoto, limepigwa kwa karibu mno, na kuzunguka sehemu moja chini ya mfupa mtu alikuwa amechora duara kwa kalamu, kisha akalifuta vibaya.

"Bahati hiyo," alisema Bi Tumpale, mama mkwe wake, aliyehamia kwao tangu walipomzika mume wa Sekela. "Utarudi kusomeka."

"Kiwanda kilichokataa kutupa glovu mpya mwaka mzima, mama?"

"Watu hubadilika."

Sekela aliikunja barua akaitia kwenye mkoba. Walikuwa wanachelewa saa ya kuona wagonjwa.

Binti yake Tusekile, mwenye miaka tisa, alikuwa amelazwa hospitali ya mkoa kwa mara ya nne mwaka huo. Alikuwa na selimundu, na baridi ya Mbeya ilimtesa kila Juni ilipoingia. Mlango wa wodi ya watoto ulikuwa kama milango mingine yote ya umma. Mtu akisimama mbele yake, ulimulika shavu lake la kushoto kwa sekunde moja, ukasoma vinyweleo, mistari na mishipa midogo ya damu chini ya ngozi, ukajua ni nani. Vitambulisho vya karatasi na vya simu vilikuwa vimeghushiwa hadi havina maana, ndipo serikali ikaamua kusoma ngozi.

Bi Tumpale alisimama, mlango ukafunguka. Sekela aliposimama, taa ikawa ya manjano.

"Asiyesomeka," ilisema sauti ya mlango. "Mdhamini asimame tena."

Bi Tumpale alirudi nyuma akasomwa mara ya pili, akatamka kwa sauti kwamba anamjua mwanamke huyu na kwamba atawajibika kwa lolote atakalofanya ndani. Watu waliokuwa nyuma yao walitazama pembeni. Sekela alipita akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi.

Tusekile alikuwa macho. "Mama, jana usiku niliumwa sana. Nikamwambia nesi akuite."

"Aliniita, mwanangu. Nilikuwa hapo nje."

"Kwa nini hukuingia?"

Sekela alimpangusa jasho shingoni. Bi Tumpale alikuwa amesafiri kwenda Tukuyu siku ile, na hapakuwa na mtu wa kumdhamini. Alikaa kwenye benchi la nje hadi asubuhi, akimsikia mtoto wake kupitia ukuta. Hayo hakumwambia.

*

Daktari Gwakisa wa Kliniki ya Uwanda alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye mikono misafi kupita kiasi. Alimkalisha Sekela kwenye kiti cha kulaza, akapitisha kifaa juu ya kovu lake polepole. Picha ilitokea kwenye skrini, naye akaigeuza skrini kidogo upande wake.

"Kuna njia mbili," alisema. "Ya kwanza watu wanaiita leza ya kupita. Mwanga unapita kwenye ngozi bila kuifungua. Unapasha joto tabaka la chini, ngozi inajijenga yenyewe taratibu. Hakuna kidonda, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ila ni vikao kumi na viwili, labda zaidi, na kovu kama lako huenda lisisomeke hata baada ya hapo."

"Na ya pili?"

"Leza ya kuchimba. Hii inaondoa ngozi iliyoharibika, tabaka kwa tabaka, inaigeuza moshi. Halafu tunapanda ngozi mpya iliyooteshwa kutoka kwenye chembe zako mwenyewe. Unakaa na kidonda siku tisa au kumi. Kwa ngozi nyeusi kama yetu zamani ilikuwa hatari, ilikuwa inaacha madoa meusi au meupe. Siku hizi tunadhibiti. Kikao kimoja tu. Wiki ya tatu unasomeka kila mlango."

"Ungekuwa mimi, daktari, ungechagua ipi?"

"Ya kuchimba," alijibu mara moja. "Tena mapema. Jumatatu kuna nafasi."

Sekela aliusikia ule wepesi wa jibu. Fundi anayetaka kazi huwa anazunguka kwanza, anakupa mashaka kidogo ili umwamini. Huyu hakuzunguka.

"Hicho ni nini hapo?" aliuliza. Alikuwa amejiinua kwa kiwiko, na kwenye ukingo wa skrini aliona nukta nyingi za rangi ya buluu, zimetapakaa ndani ya kovu kama chumvi iliyomwagika.

Daktari aliigeuza skrini zaidi. "Uchafu wa kawaida wa mlipuko. Utatoka wote na moshi."

"Na moshi unaenda wapi?"

"Kwenye kichujio." Alitabasamu. "Hakuna mgonjwa aliyewahi kuniuliza swali hilo. Soma fomu hii nyumbani, utaleta Jumatatu."

Fomu ilikuwa na kurasa saba. Sekela aliisoma jikoni, mstari kwa mstari, akiweka kidole kwenye kila neno. Kwenye ukurasa wa sita iliandikwa kwamba chochote kitakachotolewa kwenye ngozi, kiwe kigumu, kimiminika au moshi, ni mali ya anayegharimia matibabu, na kitateketezwa siku hiyo hiyo.

*

Katika ghorofa ya chini ya hospitali ya mkoa kulikuwa na chumba kimoja cha ngozi, chenye mashine ya kizamani ya leza ya kupita. Iliendeshwa na Bi Mwatatu, mwanamke wa Tanga aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Sekela alimfuata Ijumaa, akitoka wodini.

Bi Mwatatu hakuficha skrini. Aliikuza picha hadi zile nukta zikawa kubwa kama punje za mtama.

"Uchafu wa mlipuko ni mweusi," alisema. "Ni masizi. Nimeuona miaka thelathini. Huu sijawahi kuuona. Ulikuwa unafungua nini siku ile?"

"Betri za malori. Tulikuwa tukizifungua na kuzipima. Mwenzangu Ambakisye alikuwa meza ya nyuma yangu. Wanasema aliigonga betri kwa nyundo, ndiyo ikalipuka. Ana kesi ya uzembe. Mzee mmoja alifariki siku ile, na kesi inasikilizwa mwezi wa kumi na moja."

"Wewe ulimwona akigonga?"

"Nilikuwa nimempa mgongo. Nikageuka niliposikia mlio."

Bi Mwatatu aligusa nukta moja kwenye skrini. "Miaka ya nyuma kulikuwa na unga wa buluu waliokuwa wakiutia ndani ya betri badala ya ule mweupe. Ulikuwa wa bei nafuu, ila ukishapata joto, hata la kugongwa tu, unalipuka na hauzimiki. Ulipigwa marufuku. Sisemi ndio huu. Mashine yangu haiwezi kusema. Ya mahakama inaweza."

"Basi nikatie kipande kidogo, wakapime."

"Kipande hakitasaidia, mwanangu. Ngozi siku hizi inachapwa kwa mashine. Mtu akitaka kipande chenye dhahabu ndani, anachapiwa. Picha ndiyo usiseme. Mahakama inasoma ngozi iliyo juu ya mtu aliye hai, damu ikipita ndani yake. Basi."

Sekela alishika shavu lake. Lilikuwa gumu na baridi, kama la mtu mwingine.

"Leza yako itauondoa huo unga?"

"Yangu inapita tu. Ule unga utabaki ulipo. Na sitakudanganya, mlango wa juu pale unaweza usikusome mwaka huu wala mwakani."

"Kwa hiyo unaniambia nisiende kule."

"Sijakwambia hivyo. Mimi nina mwaka mmoja hapa. Wewe una mtoto juu."

Njiani kurudi Sekela alijiuliza hata kuhusu huyo mama. Kwa nini amweleze yote hayo mtu asiyemjua? Labda alikuwa na ugomvi na kliniki kubwa zilizomnyang'anya wagonjwa. Tangu ule mlipuko hakuna aliyemkaribia bila Sekela kutafuta anachotaka.

Jioni hiyo Ambakisye mwenyewe alikuja. Alikuwa nje kwa dhamana. Alikuwa amekonda, na nywele zilizoungua upande mmoja zilikuwa zimeota kwa mabaka. Hakutaka kukaa.

"Nimesikia wanakutengeneza uso," alisema.

"Umesikia kwa nani?"

"Kiwandani hakuna siri. Wanasema kilicholipuka bado kiko ndani ya kovu lako. Dada Sekela, sijaja kukuzuia. Nimekuja kukwambia kitu kimoja tu. Sikuigonga ile betri."

Alisema akiangalia mlango. Bi Tumpale, aliyekuwa akichambua mboga na ameshaelezwa habari za unga wa buluu, aliinua macho akamtazama, kisha akamtazama Sekela.

"Nimekusikia, Ambakisye," alisema Sekela.

Alipoondoka, Bi Tumpale alisogeza ungo pembeni. "Yule kijana anaogopa."

"Mwenye hatia anaogopa, na asiye na hatia anaogopa."

"Na wewe? Utamlipa nani kwa uso wako, mkwe wangu? Yule si ndugu yako. Mimi nina miaka sabini na moja. Siku nikiondoka, nani atasimama mbele ya ule mlango aseme anakujua? Mtoto atalia ndani, wewe uko nje kama juzi."

Sekela alishtuka. Hakujua kwamba mama mkwe wake alijua habari za juzi. Usiku ule usingizi haukumjia.

*

Jumatatu alikwenda Uwanda. Alitaka kusomeka. Alikuwa ameamua hivyo alfajiri, baada ya nesi kupiga simu kusema Tusekile ameongezewa damu na anamuulizia. Alijiambia kwamba hakuona nyundo, hakujua unga, na kwamba mwanamke mmoja hawezi kubeba kesi ya watu wote shavuni.

Walimvisha gauni la kijani. Daktari Gwakisa alikuwa ameshavaa miwani. Juu ya kiti ulining'inia mkono wa leza, na kando yake mpira mnene wa kunyonya moshi, ukiishia kwenye sanduku la chuma. Karibu na sanduku alisimama mwanaume aliyevaa koti jeupe jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Sekela alimjua. Alikuwa msimamizi wa ghala la kiwanda.

"Huyu anafanya nini hapa, daktari?"

"Ni mtaalamu wa vichujio."

"Huyu ni msimamizi wa ghala."

Yule mwanaume alitazama chini. Daktari alivuta kiti chake karibu. "Sekela, usijichoshe. Nusu saa tu, utakuwa umesahau."

"Nina ombi moja, halafu nitalala. Ulisema ule wa buluu ni uchafu wa kawaida. Niandikie hapo nyuma ya fomu. Uchafu wa kawaida wa mlipuko, halafu utie sahihi yako na tarehe."

"Haina haja. Si utaratibu."

"Ni maneno matano, daktari."

Gwakisa aliichukua kalamu. Alikuwa na sura ya mtu anayetaka kumaliza jambo. Aliweka kalamu kwenye karatasi, akaandika neno la kwanza, akasita. Yule wa ghala alikohoa. Daktari aliifunika kalamu na kuirudisha mfukoni.

"Siwezi," alisema kwa sauti ndogo.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sijui ni nini, na niliambiwa nisijue."

Sekela alikaa pale kitako, miguu ikining'inia. Hasira aliyoingoja haikuja. Alimwona daktari kama mtu aliyevuliwa nguo mbele ya wageni. Alishuka, akaenda kuvaa nguo zake nyuma ya pazia. Hakuna aliyemzuia. Alipofika mapokezi, mlango wa kutokea ulimmulika, ukawaka manjano, ukakataa kufunguka. Ilibidi daktari mwenyewe aje kumdhamini.

*

Alianza leza ya kupita kwa Bi Mwatatu wiki iliyofuata. Kila kikao kilikuwa cha dakika ishirini, mwanga ukimchoma kidogokidogo kama mafuta yanayoruka kwenye kikaango. Kovu lililainika. Aliweza kutabasamu bila upande mmoja wa mdomo kubaki nyuma. Lakini milango haikumsoma. Barua ya kiwanda ilikuja kumwambia kwamba kwa kuwa amekataa matibabu, hawezi kurudi kazini asikoweza kuingia. Akaanza kushona sare za shule nyumbani.

Tusekile aliruhusiwa, akalazwa tena Septemba. Mara mbili Bi Tumpale alikuwa na kifua, na mara zote mbili Sekela alibaki nje. Mara ya pili alimwomba mgeni aliyekuwa akiingia amdhamini. Yule mtu alimtazama usoni, akaomba radhi, akapita. Siku hiyo alikaribia kumpigia simu Daktari Gwakisa. Alishika simu, akaitafuta namba, akaiona. Kilichomzuia hakikuwa ushujaa. Alijua tu kwamba wakishamchimba, hata yeye mwenyewe hatajua tena ni kitu gani kilimuunguza.

Mwezi wa kumi na moja aliitwa shahidi, naye akaiomba mahakama isome shavu lake. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo na kilinuka rangi mpya. Hakimu Mwambene, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimwambia akae kwenye kiti cha mashahidi na asizungumze mashine ikisoma. Mashine ya mahakama ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo. Ilipima kwanza mapigo ya damu ndani ya shavu ili ihakikishe ngozi ni hai na ni yake. Kisha ikaingia ndani ya kovu, nukta moja baada ya nyingine. Ilichukua muda wa saa nzima. Wakili wa kiwanda alisimama mara tatu kupinga, akaambiwa akae mara tatu.

Karani alisoma majibu. Ulikuwa ule unga uliopigwa marufuku, ambao mkurugenzi wa kiwanda aliapa mbele ya mahakama hiyo hiyo kwamba haujawahi kuingia getini.

Hakimu aliahirisha shauri la Ambakisye, akaagiza kiwanda kichunguzwe. Halafu akamgeukia Sekela.

"Shavu lako sasa ni kielelezo. Kiwanda kitakata rufaa kupinga majibu haya, na mahakama ya juu itataka kulisoma tena. Hadi hapo lisiguswe kwa leza ya aina yoyote, hata ile unayotumia. Siwezi kukulazimisha. Unakubali au hukubali?"

"Rufaa itachukua muda gani, mheshimiwa?"

"Sitakudanganya. Inaweza kuwa miaka."

Sekela alitazama viti vya nyuma. Bi Tumpale alikuwa amekaa na Tusekile, mtoto amevaa sweta mbili. Mama mkwe hakumpa ishara yoyote.

"Nakubali," alisema, na karani akaandika.

Nje, kwenye korido, watu walimpa mkono. Ambakisye alisubiri hadi wengine wote wakaondoka, Bi Tumpale na mtoto wakiwa wamekaa mbali kidogo. Alikuja karibu, akasimama upande wake wa kulia, usio na kovu.

"Dada Sekela," alisema. "Niliigonga."

Sekela alidhani hakusikia vizuri.

"Mara moja tu. Kifuniko kilikuwa kimekaza. Nilikudanganya siku ile nyumbani. Nilidhani ukijua utakwenda kuchimbwa."

Sekela aliegemea ukuta. Alifikiria miezi mitano ya benchi la nje, na ile mingine isiyohesabika iliyokuwa mbele. Alifikiria kumpiga kofi. Kisha akakumbuka meza yake mwenyewe kiwandani. Hawakuwahi kupewa kifaa cha kufungulia. Vifuniko vilivyokaza waligonga kwa mpini wa nyundo, wote, kila siku, na betri za zamani zilivumilia. Yeye aligonga asubuhi ile ile. Ilitokea tu kwamba ya Ambakisye ndiyo iliyokuwa na unga.

"Mimi pia nilikuwa nagonga," alisema.

"Najua. Ila sikukutaja kwa polisi."

"Rudi ndani ukamwambie hakimu."

"Watanishika tena. Na kiwanda kitasema, mmeona, ni huyu aliyeilipua."

"Watasema. Lakini wakija kulijua wenyewe kwenye rufaa, watasema sote ni waongo, na hili shavu halitaaminiwa tena. Shavu limesema ni kitu gani kililipuka. Nani aligonga, hilo linatakiwa lisemwe na mdomo."

Ambakisye alitazama ngazi za kushukia barabarani. Zilikuwa hatua kumi tu kutoka alipo. Sekela hakumshika mkono. Alimwambia Bi Tumpale amchukue mtoto wakamsubiri juani, kisha akatangulia kuelekea mlango wa chumba cha mahakama, uliokuwa bado wazi, bila kugeuka. Baada ya muda alisikia viatu nyuma yake.

Hakimu Mwambene alikuwa ameshavua joho na anafunga majalada kwa kamba. Aliwatazama wote wawili juu ya miwani.

"Kuna kilichosahaulika?"

"Ndiyo, mheshimiwa," alisema Sekela. "Tuna la kuongeza, yeye na mimi. Langu naomba nilianze."

Alivuta kile kiti cha mashahidi akakaa. Karani alilifungua jalada upya na kutafuta ukurasa mtupu.